Batiki ya kushonea mfarishi wa viraka: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kama hela inatosha kitambaa cha aina moja tu, nunua batiki ya mkono iliyotengenezwa juu ya pamba tupu, tena kwa mtu anayeweza kukueleza aliitia rangi gani. Nimeshona mifarishi ya vitandani na ya kutundika ukutani kwa miaka, na nimenunua karibu kila kitambaa kinachoitwa batiki, cha Kariakoo na cha kuletewa kwenye kifurushi kutoka ng'ambo. Maua ndiyo yanayokusimamisha dukani. Lakini uhai wa mfarishi uko kwenye kitambaa kilichobeba maua hayo na kwenye rangi iliyoshika au isiyoshika.

Gauni la batiki likichuja, linajichujia lenyewe. Mfarishi ni kitu kingine. Juu una viraka vya rangi tano, sita, vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu. Katikati una pamba. Chini una bitana. Na vyote vinaingia kwenye beseni moja. Kiraka kimoja chenye rangi mbovu kinawaharibia wote. Nilijifunza hilo kwa yadi 4 za batiki ya damu ya mzee. Muuzaji aliniapia, "Hiyo haichuji, dada." Nilikata miraba, nikaipanga na bafta nyeupe kama ubao wa drafti, mistari 9 kwa 12, zawadi ya harusi ya mdogo wangu. Siku ya kuufua kabla ya kuufunga, maji yalikuwa kama juisi ya rozela ndani ya dakika mbili, na ile bafta yote ikatoka na madoa ya waridi yasiyokuwa na mpangilio. Niliusuuza mara saba. Haukurudi.

Kwa hiyo kabla ya orodha, jaribio. Dukani, lowesha leso nyeupe, isugue kwenye kona ya kitambaa mara ishirini kwa nguvu. Ikichukua rangi nyingi, ondoka. Ukishanunua, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kilowe maji ya moto yenye sabuni kwenye glasi kwa nusu saa, kisha kiweke juu ya bafta nyeupe, upige pasi ya moto mpaka vikauke pamoja. Bafta ikibaki nyeupe, anza kukata. Na tafadhali, usidanganywe na chumvi na siki. Rangi iliyotiwa vibaya kwenye pamba haifungwi na chumvi wala siki baadaye. Utapoteza siki yako ya kachumbari bure.

Ya kwanza: batiki ya mkono ya hapa nyumbani, juu ya bafta au kotoni

Tanzania wanawake wengi wamepita kwenye mafunzo ya "sabuni na batiki", ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) au ya vikundi vyao vya mtaani, na kati yao wapo mafundi hodari kabisa. Faida ya kununua kwao ni kwamba unaweza kuagiza. Mfarishi unasimama kwa mwanga na giza: ukiwa na viraka vyote vya ukali mmoja, hata viwe vizuri vipi, kwa mbali unaona ukungu tu. Mwambie fundi akutengenezee buluu moja kwa hatua tatu, iliyokolea, ya kati na ya kufifia, muhuri uleule. Hakuna duka la vitambaa litakalokufanyia hivyo.

Muulize maswali mawili. La kwanza: rangi ni ya kostiki? Rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na sodiamu haidrosalfaiti huingia ndani ya uzi, kisha hewa huzirudisha katika hali isiyoyeyuka. Ndiyo maana kitambaa kinatoka kwenye beseni na rangi isiyoeleweka, halafu kikianikwa kinageuka mbele ya macho yako. Rangi ya namna hiyo ikisuuzwa vizuri inavumilia kufuliwa. Ile ya bei ya chini inayokorogwa na maji ya moto na chumvi tu ndiyo iliyoniharibia harusi.

Swali la pili: nta imechemshwa ikatoka yote? Kunja kitambaa, kipige ukucha. Ukucha ukiacha mstari mweupe, bado kina nta. Nta iliyobaki inaganda kwenye sindano, inatia doa la mafuta kwenye meza ya pasi, na baada ya miezi michache inavuta vumbi. Inatoka ukiichemsha tena, ila ujue hiyo ni kazi yako ya jioni nzima na sufuria ambayo hutapikia tena. Mistari myembamba kama nyufa za kaure ni jambo jingine: hiyo ni nta ya mishumaa iliyopasuka rangi ikapenya. Ni sura ya batiki, na mimi naipenda.

Kuhusu kitambaa cha chini, kiinue kwenye mwanga. Ukiona mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za mlalo, vimeachana kama chekeche, viraka vitafumuka kwenye mshono wa robo inchi. Bafta nyembamba sana ina shida hiyo. Marekani ni imara zaidi, jina tuliloachiwa na meli za Salem, Massachusetts, zilizokuwa zikileta kitambaa hicho Unguja karne ya 19. Lakini ni nzito, na weupe wake wa krimu unafifisha rangi. Kotoni ya uzito wa shati ndiyo ninayoiomba.

Angalizo moja. Zile batiki za picha, za twiga, ngoma na akina mama wenye mitungi, usizikate miraba midogo. Utabaki na shingo isiyo na kichwa. Zipange kama khanga: picha iwe mji katikati, viraka viwe pindo pande zote nne. Mtu wa pwani ataelewa mpangilio huo bila kuambiwa, na ukutani unapendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kushona.

Ya pili: batiki ya Indonesia iliyotengenezwa kwa ajili ya washona viraka

Indonesia ndiko sanaa hii ilikofikia kilele, hasa Java, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza batiki yao kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Vitambaa vinavyouzwa kwa washona viraka duniani vingi hupigwa kwa mihuri ya shaba, na karakana za Bali zinajulikana sana kwa kazi hiyo. Ni pamba iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana. Upana ni karibu sentimita 110. Hakifumuki ovyo, pande zote mbili zina rangi karibu sawa, na ukikata pembetatu ndogo zinabaki na ncha zake. Kwa kazi ya nyota na almasi hakuna kinachokishinda.

Nimekiweka cha pili kwa sababu ya bei, usafirishaji na ushuru, na kwa sababu unakinunua kwa picha bila kukigusa. Msomaji aliyeko Marekani au Uingereza, ambako maduka ya washona viraka yanakiuza kwa yadi na kwa vifurushi vilivyokatwa tayari (vipande virefu vya inchi 2.5, miraba ya inchi 5 na 10), anaweza kukihesabu cha kwanza. Ila ajue mambo mawili. Kubanana kwa nyuzi kunaichosha mikono: kukishona tabaka tatu kwa sindano ya mkono ni kuumiza vidole. Na ukifumua mshono, matundu yanabaki yakionekana. Tumia sindano ya cherehani namba 11, mpya, yenye ncha kali. Namba 14 iliyokaa kwenye mashine tangu Idi iliyopita itakutoboa kitambaa kama kichujio. Kilichokolea sana nacho huweza kuchuja, kwa hiyo jaribio la pasi halimsamehi mtu.

Ya tatu: kitenge cha nta

Kitenge ni mjukuu wa batiki. Waholanzi karne ya 19 waliiga batiki ya Java kwa mashine, soko likashika Afrika Magharibi, na mpaka leo Vlisco, iliyoanza Helmond mwaka 1846, bado wanachapa. Cha nta ya kweli kina rangi pande zote mbili na kina zile nyufa. Cha kuigiza kina upande wa nyuma uliofifia, na hicho ndicho kinachojaa sokoni. Si kibaya kwa mfarishi, kama ni pamba, maana nyuma hakuna anayepaona.

Ubaya wake ni wanga. Kitenge kipya kimesimama kama karatasi kwa sababu kimetiwa wanga, na ukikifua unakutana na kitambaa chenyewe. Kifue chote kabla ya kukata, kinywee nyumbani kwako badala ya kunywea ndani ya mfarishi. Pia maua yake ni makubwa: chagua mraba wa inchi 6 kwenda juu.

Kwa anayeanza, usinunue kabisa. Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani Jumamosi jioni, muombe mabaki. Mfuko wa mabaki ya vitenge unatosha kujifunza kulinganisha kona, na ukikosea hujaumia.

Adire na bazee

Adire ya Wayoruba wa Nigeria, inayotajwa sana na mji wa Abeokuta, huzuiliwa rangi kwa uji wa wanga wa muhogo au kwa kufungwa, kisha huchovywa kwenye nili. Ukiipata ya kweli, ipange na marekani peke yake, ni buluu na krimu tu, itazungumza. Nili huacha rangi kwenye vidole hata ikiwa imetengenezwa vizuri, kwa hiyo iwe ya ukutani, isiwe ya kitanda cha mtoto.

Bazee, yaani damaski ya pamba, inang'aa na inapokea rangi vizuri sana, lakini ni ngumu. Pale mishono minne inapokutana panakuwa na nundu ambayo pasi haiitulizi. Nimeitumia kwenye pindo tu.

Ya kuiacha: "batiki" ya poliyesta

Ipo tele, inameta, na bei yake inashawishi. Chomoa uzi mmoja, uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini; poliyesta inayeyuka na kuganda kuwa tone gumu. Pasi ya kulaza mishono ya pamba itaikunja poliyesta, na mkunjo huo hautoki tena. Hata ukipewa bure.

Ununue kiasi gani

Tuchukue kitanda cha 5 kwa 6, mfarishi wa kushuka kidogo pembeni, kama sentimita 215 kila upande. Ukikata miraba ya inchi 5, ikishashonwa inabaki inchi 4.5. Unahitaji 19 kwa 19, yaani 361. Yadi moja ya upana wa sentimita 110 inatoa miraba 56. Hesabu inasema yadi 6 na nusu. Nunua 8, kwa sababu ya kunywea na kukosea, ukizigawa kwenye rangi tano au sita. Pindo la kumalizia, vipande vya inchi 2.5 vilivyokunjwa mara mbili, litakula robo tatu ya yadi. Lichague mwisho, viraka vikishaungana, maana rangi uliyoipenda dukani mara nyingi siyo inayotakiwa pale.

Katikati, kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa, pamba nene ni mateso. Blanketi jembamba la pamba lililokwisha kufuliwa linatosha. Arusha na Nairobi weka pamba kamili. Bitana ya kitanda iwe shuka la pamba la sentimita 230 au zaidi kila upande, kwa sababu tabaka zikishashonwa pamoja ya chini huvutwa ndani. Mfarishi wa ukutani bitana yake ni khanga moja, na mimi huliacha jina la khanga lionekane nyuma. Anayepewa zawadi akiugeuza, anakuta maneno niliyomchagulia.

Piga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni kabla ya cherehani, kwa mistari iliyoachana upana wa kiganja. Ukianzia pembeni, bitana itajikunja katikati na hutaiona mpaka ugeuze. Wa ukutani uushonee nyuma mfuko mrefu wa sentimita 10 wa kupitishia ufito, na utafute ukuta usiopigwa na jua la mchana.

Na ukienda kulipa, ongeza nusu yadi ya kila batiki ya mkono. Fundi huyohuyo, muhuri huohuo, rangi ileile, mwakani hataipata sawa, na siku kona moja ya mfarishi itakapochanika utahitaji kiraka kilichotoka kwenye beseni moja na wenzake.