Squeezebox au Sonos: mtengenezaji akijitoa, unabaki na nini?

Ukisikia tetesi kwamba kifaa chako cha muziki kitaachwa kutengenezwa, usiulize kwanza bei ya kingine. Uliza ubongo wake, yaani programu inayokiendesha, uko wapi.

Squeezebox, kifaa cha kupiga muziki uliohifadhiwa kwenye kompyuta, ilizaliwa Slim Devices, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2006. Mwaka 2012 Logitech ikaachana nayo. Vifaa havikunyamaza, kwa kuwa programu ya seva, inayovigawia nyimbo, ni ya chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuitumia na kuiboresha: unaiweka kwenye kompyuta yako, nyimbo zinakaa humo, na kifaa kinazivuta kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Hata huduma ya mtandaoni ilipofungwa mwaka 2024, seva iliendelea kuhudumiwa na wapenzi wake, sasa kwa jina la Lyrion. Kifaa kikifa kabisa, Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, inaweza kushika nafasi yake. Ila ujue utachokonoa mipangilio mpaka usiku wa manane. Si kila mtu ana subira hiyo, na mwenzako wa nyumbani huenda hana kabisa.

Sonos, spika za Wi-Fi za kampuni ya jina hilohilo, ni chomeka, fungua programu ya simu, sikiliza. Kampuni ipo, spika mpya zipo madukani. Lakini ufunguo wanao wao: mwaka 2020 vifaa vya zamani viliachwa kwenye mfumo wa zamani, S1, na mwenye vya zamani na vipya akachagua ama kubaki nyuma navyo vyote, ama kuwa na mifumo miwili.

Mimi ningetafuta Squeezebox ya mtumba. Mama yangu ningemnunulia Sonos.