Karakana ya Katwe inayopima shingo ya tela kabla ya kuchomelea

Tela yangu ya boti niliipokea kwa furaha kwa sababu moja: niliweza kuinyanyua shingo yake, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, kwa mkono mmoja, boti ikiwa juu. Welda aliyeitengeneza alinionyesha mwenyewe. "Ona ilivyo nyepesi, Mzee, hata mtoto anaifunga kwenye gari." Nikalipa, nikamshukuru. Ilibidi nipatwe na hofu kubwa katika barabara ya Masaka ndipo nielewe kwamba wepesi ule ndio uliokuwa ugonjwa.

Karakana iliyoutibu ugonjwa huo iko Katwe, Kampala, katikati ya wale mafundi wa vyuma wanaotengeneza mageti, majiko na mashine za kila namna. Haina kibao. Uliza fundi wa matela ya boti, mtu yeyote pale atakupeleka.

Kwanza mnielewe hali yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, lakini makazi yangu ni Entebbe mwaka wa tisa sasa. Nina boti ya faiba ya futi 19 yenye mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, natembeza wageni wanaokuja kuvua sangara. Wiki hii watakuwa Jinja, wiki ijayo watataka kushushia boti Bukakata ili wavuke kwenda visiwa vya Ssese. Kuzunguka kwa maji kutoka Entebbe ni petroli nyingi, na ziwa la alasiri halina huruma. Kwa hiyo boti husafiri kwa barabara, nyuma ya Hilux.

Siku ya hofu yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tukaondoka alfajiri, mimi na kijana wangu wa kazi. Tulipita Kayabwe, pale wageni wanaposimama kupigwa picha kwenye mstari wa ikweta, tukateremkia Lwera. Anayeijua Lwera anajua: barabara imenyooka, kinamasi kulia na kushoto, na malori hayapunguzi mwendo. Nilikuwa kwenye 80. Lori likanipita, upepo wake ukaipiga boti ubavuni, na tela ikaanza kucheza. Kwanza kidogo, kama mkia wa samaki. Halafu ikawa inalivuta gari kwa nyuma, kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mara iliyopita.

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la Mombasa hadi Malaba, na neno lake moja ndilo lililotuokoa: tela ikiyumba, usikanyage breki kwa nguvu, wala usishindane nayo kwa usukani. Ukifunga breki gari linapungua mwendo lakini tela bado ina nguvu yake, inakusukuma na kukukunja. Niliachia mafuta, nikashika usukani umenyooka, nikangoja. Zilikuwa sekunde chache, nazikumbuka zote. Mwendo uliposhuka mkia ukatulia. Tulisimama Lukaya, kijana akashuka akakaa chini kando ya gurudumu, hakusema kitu. Nilipofungua kizibo cha tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, maji ya mvua yalitoka muda mrefu sana. Nakadiria madumu manne au matano ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nilikuwa nimebeba karibu kilo 100 za maji mwishoni kabisa mwa boti bila kujua.

Wavuvi wa Ggaba ndio walionielekeza Katwe. Nilikwenda nikidhani nahitaji springi mpya.

Fundi ni mtu wa makamo, Mganda, Kiswahili chake amekitoa Mwanza ambako alifanya kazi kwenye karakana za boti. Hakugusa springi. Aliniuliza, "Ssebo, hivi ndivyo unavyosafiri?" Nikamwambia hapana, vitu vingine nimeviacha nyumbani. Akanirudisha. Nirudi na kila kitu: petroli lita 60 kwenye tangi, nanga na kamba yake, kasha la barafu, jaketi okozi zote, hata fimbo za kuvulia. Nilikasirika, maana Entebbe hadi Katwe na tela si safari ya mchezo. Leo namshukuru. Kupima tela tupu ni kupima tela ya mtu mwingine.

Niliporudi alinituma kwanza kwa jirani yake anayenunua vyuma chakavu, mwenye mizani ya kupimia magari. Tukaifungua tela kutoka kwenye gari, tukaipima peke yake na mzigo wake wote: kilo 940. Kisha pale karakanani, kwenye sakafu iliyo sawa, alishusha mizani ya saa ya kuning'iniza, ile wanunuzi wa kahawa wanayopimia magunia, akaifunga kwenye mnyororo wa kuinulia injini. Akaipachika shingo ya tela, akaivuta mpaka ikafika kimo kilekile cha boli, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari ambalo kikombe cha tela hulikalia. Hapo akasoma. Kilo 28.

Aliandika kwa chaki sakafuni: 28 kwa 940. Haifiki asilimia 3. Kwa tela ya boti, akasema, yeye hakubali chini ya asilimia 7, na hupenda isizidi 10. Tela za mizigo ya kawaida huzipa zaidi, 10 hadi 15. Boti ni tofauti kwa sababu mashine, sehemu nzito kuliko zote, iko tezi. Lakini asilimia 3 ni hatari, na yale maji ya mvua bila shaka yalikuwa yameifanya karibu na sufuri siku ile ya Lwera.

Nilimwelewa kwa kufikiria mzega. Wazee wa kwetu waliouza maji walibeba debe mbele na debe nyuma, mti begani. Debe la nyuma likizidi, mti unainuka mbele na mchukuzi anayumba njia nzima. Ekseli ndiyo bega. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, tela haifuati gari tena, inataka kuliongoza. Sehemu ya mzigo lazima iegemee kwenye boli, na iegemee kwa kipimo.

Nami kwa kutaka kumaliza kazi nikamwambia, basi tuweke kilo 150 tulale salama. Alikataa katakata. Shingo ikizidi uzito, nyuma ya gari inakaa chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani na breki vinapoteza nguvu, na taa usiku zinawapiga machoni wanaokuja. Tena chuma cha kuvutia kina kikomo chake, na kikomo hicho ni cha kusoma kwenye kibati au kitabu cha gari, si cha kukisia. Alinikumbusha pia kwamba kilo hizo zinahesabiwa kwenye mzigo wa gari. Ukiwa na watu wanne na mizigo kwenye bodi, shingo ya tela ni abiria wa tano aliyekaa nyuma ya bampa.

Sasa kazi yenyewe. Boti yangu ilikuwa imekaa nyuma mno, ubao wa tezi unaobeba mashine umening'inia nje ya mbao za tela ambazo boti huzikalia. Welda wa kwanza alikuwa amenakili vipimo vya tela ya mizigo na kuweka nguzo ya winchi, ile ya mbele inayoivuta boti na kuizuia, mahali palipomfaa yeye. Kutoka kikombe hadi ekseli ni mita 4.2. Boti na vilivyomo ni kilo 680 hivi, tela yenyewe 260. Fundi alipiga hesabu pale pale: kila sentimita 10 boti inaposogea mbele, shingo inaongezeka kama kilo 16. Akasogeza nguzo ya winchi sentimita 25, gubeti, yaani pua ya boti, likaenda mbele kiasi hicho, na ubao wa tezi ukakaa juu ya mbao kama unavyotakiwa, jambo ambalo peke yake lingenipunguzia nyufa za faiba. Mizani ikasoma 68. Kabla ya kuchomelea alinifanya nikate kona kali uani, kulia na kushoto, tuone kama gubeti litagusa mlango wa nyuma wa Hilux. Halikugusa.

Halafu akalihamisha tangi la petroli. Lita 60 za petroli ni kama kilo 45. Lilikuwa tezi, akalileta mita 2 mbele, akalifungia mikanda kwenye sakafu ya boti. Hapo tukafika kilo 89, yaani asilimia 9 na nusu. Alinieleza kwamba kama nguzo isingesogea, angelegeza boliti za ekseli na kuirudisha nyuma, kazi inayoleta matokeo yaleyale. Kwa boti yangu haikuhitajika, na hakunitoza nisichohitaji.

Alikuta mambo mawili mengine ambayo sikuyalalamikia. Boli langu lilikuwa juu mno kwa tela hii, shingo ikawa imeelekea mbinguni na mzigo ukimiminikia nyuma. Akatengeneza bamba la kulishusha sentimita 9 na tela ikalala sawa. Na boli lenyewe lilikuwa la milimita 50 wakati kikombe ni cha inchi 2. Tofauti haifiki hata milimita moja, macho hayaioni, lakini ndiyo iliyokuwa ikigonga kila shimo la barabara. Namba imepigwa juu ya chuma, na miaka yote sikuwahi kuisoma. Magari yetu hapa Uganda yanatoka nchi mbalimbali, matela vilevile, kwa hiyo tazameni namba hizo leo.

Gharama yote, pamoja na boli jipya, ilikuwa shilingi 420,000. Kwa kazi ile naona ni haki.

Yasiyonipendeza nayo niyaseme. Aliniahidi Ijumaa, nikaipata Jumatatu, na wageni wawili niliwapoteza. Sehemu alizochomelea alizipiga rangi juu ya chuma ambacho hakijasuguliwa vizuri. Tela inayoingia ziwani kila wiki haivumilii hilo, na baada ya miezi miwili kutu imeshachungulia. Waya wa taa za nyuma aliuacha unaning'inia, nikaufunga mwenyewe. Risiti alinipa baada ya kuombwa mara mbili. Beringi hazigusi bila malipo mengine, na nadhani tela ya boti isingepaswa kutoka mikononi mwake bila kutiwa grisi. Kitovu cha gurudumu kikiwa moto kisha kikazamishwa kwenye maji baridi, hunyonya maji ndani. Ndiyo maana mimi sasa nikifika ufukweni hungoja kwanza kipoe, wageni wakinywa chai.

Na mahali penyewe ni pagumu. Uchochoro wa Katwe na tela ya mita sita ni mateso. Nendeni kabla ya saa moja asubuhi, bodaboda zikiwa bado chache.

Jumapili alfajiri tulijaribu tela pamoja kwenye Northern Bypass, yeye amekaa nami mbele akitazama kioo cha pembeni bila kusema. Tangu hapo nimekwenda Jinja mara nne. Nimepita Mabira na malori yakinipita, nimevuka lile daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018, ambalo upepo wake wa ubavuni nilikuwa nauogopa kuliko polisi, na tela imenifuata kimya. Bukakata nimekwenda mara moja. Nilipofika Lwera mikono yangu ilikuwa na jasho, kijana akiangalia nyuma muda wote. Lori lilipita, boti ikatikisika mara moja, ikatulia. Akageuka mbele, akawasha redio.

Nyumbani sasa napima mwenyewe kila ninapobadilisha mzigo. Mizani ya bafuni ya kilo 130 inatosha kwangu: naiweka juu ya matofali, kipande cha mbao kati ya mizani na kikombe, shingo ikiwa kimo cha boli, magurudumu yamewekewa mawe. Aliyenizidi uzito atumie ubao: upande mmoja uegemee kwenye bomba, upande wa pili kwenye mizani, na shingo ikalie theluthi ya ubao kutoka kwenye bomba. Atakachosoma akizidishe mara tatu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ni ya rangi na ile Jumatatu. Mkienda, nendeni na boti imejaa kama siku ya safari, kizibo cha tezi kimefunguliwa tangu usiku. Mizani ya kahawa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akianza kuongea bei kabla ya kuishusha, mwambieni aishushe kwanza.