Hema la kando ya mto: kabla ya kuuliza bei, tafuta matundu ya hewa

Msimu wa kambi ukianza, malalamiko yanayonifikia huwa ni yale yale. Hema ni jipya, limeandikwa kwamba halipitishi maji, na usiku kucha mvua haikunyesha. Lakini asubuhi begi la kulalia limelowa upande wa miguuni na dari linadondosha matone. Mwenye hema anataka kujua: alirudishe dukani au apake dawa kwenye mishono? Jibu langu haliwafurahishi wengi. Hema halijavuja, maji hayo yametoka kinywani mwenu.

Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na kwa ngozi, na hadi alfajiri unatosha kujaza kikombe au zaidi. Wakilala watatu, na taulo mbichi za waliokwenda kuogelea zikiwa zimetupwa pembeni, hesabu mwenyewe. Kitambaa cha juu kinatazama anga tupu, hivyo hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Mvuke ukikigusa, unageuka matone. Na maeneo tunayoyakimbilia sisi wa mijini siku za mapumziko ndiyo mabaya kuliko yote kwa jambo hili. Uwanja wa nyasi ulio wazi hauna matawi ya kuzuia joto lisipotee, na bonde la mto hukusanya hewa baridi inayoteremka kutoka miinukoni.

Kwa hiyo hapa sizungumzii rangi, idadi ya mifuko, wala kama utaweza kusimama wima ndani. Hayo utayaona kwa macho yako. Nimeyapanga mahema kwa jinsi yanavyopumua.

Kwanza niitoe njiani ile namba ya milimita, maana ndiyo inayowapoteza wanunuzi. Hema likiandikwa 1500, maana yake kitambaa kinaweza kubeba maji yenye kimo cha mita 1.5 kabla hayajaanza kupenya. Kwenye sakafu dai namba kubwa, kwa sababu goti na kiwiko hukandamiza kitambaa kwenye nyasi mbichi. Kwa dari, kushindana kutoka 3000 kwenda 5000 hakuondoi tone hata moja la jasho. Kitambaa kilichopakwa kizuie maji ya nje huzuia na mvuke wa ndani usitoke. Kinachokuokoa ni tabaka mbili zisizogusana, pamoja na matundu mawili, moja chini na moja juu, ili hewa ya ndani yenye joto ipande na kutoka huku hewa ya nje ikiingia. Tundu moja peke yake ni pambo.

Sasa upendeleo wangu, na siufichi: Vango. Kampuni hii ilianzia Scotland, nchi ambayo mvua yake haiwapi watengenezaji wa mahema nafasi ya kudanganya. Modeli ninayoitaja kila nikiulizwa ni Banshee ya watu wawili. Kitambaa chake cha nje ni poliesta, na hapo ndipo ninapong'ang'ania kuliko mahali pengine popote. Nailoni ikilowa hulegea. Ulikaza kamba jioni vizuri kabisa, saa nane za usiku umande umeshakolea, kitambaa cha nje kimelegea na kulala juu ya kile cha ndani, na kila tone lililokuwa darini linapata njia ya kukufikia. Poliesta hailegei hivyo. Zaidi ya hayo, Banshee husimamishwa tabaka zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo mvua ikikukuta katikati ya kazi chumba cha kulala hakilowi. Ni jembamba, na ukiwa mrefu utalalamika. Lalamika ukiwa mkavu.

Nafasi ya pili nawapa Hilleberg, Waswidi walioanza mwaka 1971. Kwa uimara sina la kuwabishia, na wao pia husimamisha tabaka zote mbili pamoja. Ila kitambaa ni nailoni, na bei yake ni ya watu wanaovuka theluji. Kulipeleka kwenye kambi iliyo saa moja kutoka mjini ni kununua trekta la kulimia bustani ya maua.

MSR Hubba Hubba inafuata. Ni jepesi, halifikishi kilo 2, na lina milango miwili, jambo linalookoa ndoa. Lakini chumba cha ndani hutangulia kusimama na kifuniko huja baadaye. Cha nje ni nailoni pia, basi kabla ya kulala toka ukaze kamba tena.

Coleman Sundome ndilo wengi wanaanza nalo. Dari lake ni la wavu na kifuniko chake ni kifupi, kwa hiyo linapumua vizuri kuliko mengi yanayolizidi bei. Tatizo lake ni mvua inayopigwa na upepo kutoka ubavuni. Wakati wa ukame, chukua bila wasiwasi.

Yale ya tabaka moja yanayofunguka yenyewe ukiyarusha hewani yanafaa kwa kivuli cha mchana. Usilale humo kando ya mto.

Wauzaji nao wana lao. Muuzaji mmoja niliyemwomba anionyeshe matundu ya hewa alinionyesha zipu ya mlango. Ukinunua mtandaoni utaona picha za hema likiwa juani, limekazwa mpaka linang'aa, limepigwa kutoka mbele, wala hutaoneshwa mgongo wake ambako tundu la pili lilipaswa kuwa. "Watu wanne" maana yake ni magodoro manne ya nusu mita yaliyobanana mpaka yanagusa kuta, na kuta ndiko maji yaliko. Kinachoniudhi zaidi ni dawa ya kuzuia maji wanayomuuzia mtu ambaye hema lake halivuji. Anarudi kambini na dari lililopakwa mara mbili, na jasho liko palepale. Kisha analikunja likiwa bichi kwa sababu muda wa kuondoka umefika, analitupa stoo, na lile tabaka la plastiki ndani ya kitambaa linaanza kuoza, linanata na kunuka. Akilirudisha anaambiwa dhamana haihusu utunzaji mbaya. Nani alimwambia alianike likifika nyumbani?

Ukiwa tayari unalo hema lenye jasho, lisogeze chini ya miti yenye matawi mazima, hatua kadhaa juu kutoka ukingoni, lala na matundu wazi hata kama kuna baridi, na taulo mbichi ziache nje. Kitambaa kidogo cha kufutia dari asubuhi kinafanya kazi kuliko chupa nzima ya dawa.

Na ukimpata muuzaji anayekubali hema lisimamishwe dukani kabla hujalipa, nunua kwake hata kama amezidisha kidogo. Vile vigingi vyembamba vilivyomo mfukoni mwachie, ununue vingine.