HEC-HMS: nyota 4 kwa programu inayoonyesha mji unavyoubadilisha mto

Mto ukifurika tu tunasema mvua za siku hizi zimezidi, sawa, ila hii programu inachukua mvua ileile na kuishusha kwenye bonde lilelile kabla na baada ya kujaa nyumba na lami, na hapo ndo unaelewa mto unabebeshwa nini. Ni ya bure kabisa, ya wahandisi wa Jeshi la Marekani, toleo la kwanza lilitoka 1998 likachukua nafasi ya programu yao ya zamani, HEC-1. Muonekano wake ni wa kizamani kidogo, utazoea.

Utamu uko hapa. Unaligawa bonde vipande, kila kipande unakipa namba ya CN, yaani udongo pamoja na kilichoota au kujengwa juu yake vinaachia maji kiasi gani, ikikaribia 100 ujue karibu kila tone linatiririka. Chukua eneo la majani kwenye udongo unaonyonya wastani, CN 58, mvua ya milimita 75: yanayotiririka ni kama milimita 6 na nusu tu. Sasa geuza liwe mtaa uliobanana, asilimia 65 ni mabati na sakafu, CN 85, mvua hiyohiyo inatoa milimita 39. Mara sita jamani!! Halafu punguza na muda wa maji kufika mtoni, maana mitaro haina subira kama nyasi, uone grafu ya maji ya mto inavyochongoka, kilele kinapanda na kinawahi.

Ila hapa wengi wananasa: hiyo CN 85 tayari imeshahesabu ile 65, na kuna kisanduku kingine cha asilimia ya eneo lisilopitisha maji. Ukijaza vyote viwili umehesabu lami mara mbili na programu inakaa kimya, inakupa mafuriko ya kutisha na wewe unayabeba hivyohivyo hadi kwenye kikao.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ukitumia CN ndani ya kipande kimoja kila kitu kinawekwa wastani, mtaa wa kilimani na wa kando ya mto vinaonekana sawa tu mpaka ukate vipande vidogo zaidi, na hiyo kazi inachosha.

Sehemu ya mabwawa ya kuchelewesha maji ndo naipenda kuliko zote. Watu wanadhani ukichimba bwawa popote umesaidia, kumbe likiwa karibu na mwisho wa bonde, maji yake yanayoachiwa taratibu yanaweza kukutana na kilele kinachoshuka kutoka juu, na mto ukajaa kuliko kama usingechimba kitu. Lihamishie juu, endesha tena, linganisha grafu mbili. Kwa mtu wa mipango miji hicho tu kinatosha kuipakua programu leo, ila uwe na data za mvua za kueleweka.