Pochi ya ngozi ya mtumba: ununue nini cha kuisafishia, na nini ukiache dukani

Kama umeokota pochi ya ngozi kwenye balo pale sokoni na moyo unadunda, naomba kabla hujakimbilia ndoo na sabuni ya mche usome hii kwanza. Mi niko Mtwara mjini, pochi za mtumba nanunua muda mrefu, nyingine nabeba mwenyewe nyingine nauza, na hela nliyopoteza kwenye dawa zisizofaa ingetosha pochi mpya kadhaa.

Ya kwanza kabisa niliiua mwenyewe. Ilikuwa ya mama, nyeusi, alinipa nilipomaliza shule, ina vumbi na kijasho kwenye mkono wake wa kushikia. Nikaifua kwa sabuni ya mche, nikasugua na mswaki, nikaisuuza vizuri kabisa, alafu nikaianika kwenye kamba saa saba mchana. Jioni naishusha imekuwa ngumu kama kigaga, nikaikunja kidogo tu ngozi ikapasuka pale pale kwenye mkunjo. Mama hakusema kitu, aliichukua akaiweka kabatini. Mpaka leo ile sauti ya kupasuka naikumbuka.

Baadae ndo nikaja kuelewa kilichotokea. Ngozi iliyotengenezwa ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) inacheza kwenye 4 mpaka 5, na sabuni ya mche iko kwenye 9, 10, mpaka na zaidi. Sasa ukiiloweka kwenye kitu kikali hivyo unatoa uchafu kweli lakini unatoa na mafuta yaliyoko ndani ya nyuzi za ngozi, yale ndo yanafanya ikunjike bila kukatika, alafu jua letu la huku linamalizia. Kwaiyo kwangu mimi hela kubwa iende kwenye kitu cha kulisha ngozi, sio kwenye sabuni. Sabuni ni kidogo sana. Na hapa pwani kuna adui wa pili ambaye watu wa bara hawamjui vizuri, unyevu wa hewa, nitakuja kwake.

Ila kwanza hakikisha ni ngozi. Leza, yani ngozi bandia za plastiki, ziko nyingi kwenye balo na zinapendeza, shida ni kwamba ile plastiki ya juu inaliwa polepole na unyevu wa hewa na huku kwetu hewa yenyewe ni maji matupu, ikishaanza kubanduka magamba hamna kremu wala rangi duniani itakayoirudisha, muuzaji akikuambia "dada utaipaka tu mafuta" mrudishie. Angalia sehemu ambayo haijashonewa bitana, ndani ya mfuko au kwenye ncha ya mkanda, ngozi upande wa nyuma ina nyuzinyuzi kama suedi (ile ngozi yenye vinyoya vifupi juu), leza ina kitambaa kilichofumwa. Bonyeza kwa kidole gumba, ngozi inatoa vimikunjo vidogo visivyofanana alafu vinarudi. Nusa pia, japo pochi iliyokaa kwenye balo na nguo miezi inanuka dawa tu.

Ukibahatika unakutana na zile pochi nene za zamani zisizo na bitana kabisa. Coach, kampuni ya pochi ya Marekani walioanzia kwenye karakana New York mwaka 1941, walitengeneza nyingi za hivyo, ngozi nzito ya ng'ombe, kufuli la shaba la kuzungusha, na ndani kuna kipande kimegongwa maandishi na namba. Marekani kuna watu wanazitumbukiza nzima kwenye maji ya vuguvugu kuzifufua na zinafufuka kweli, kwa sababu ngozi ni nene na ndani hamna kadibodi wala gundi nyingi. Usichukue hiyo njia ukaifanyia pochi yenye bitana na kadibodi, utatoa uji.

Haya, vitu vya kununua, nimevipanga kuanzia ninachokiamini zaidi.

Namba moja ni kremu ya ngozi isiyo na rangi. Sio kiwi, kremu, ile laini kama losheni, kwenye kichupa au tyubu. Maduka ya viatu vizuri wakati mwingine wanayo, ukikosa agiza Kariakoo ipakiwe kwenye basi unaifata stendi Mkanaledi kesho yake. Soma kilichoandikwa nyuma, ukiona nta ya nyuki au lanolini, yale mafuta ya manyoya ya kondoo, chukua. Ukiona silikoni imetajwa mwanzo mwanzo, iache, inang'arisha juu tu na ndani ngozi inabaki na njaa yake. Kichupa kidogo cha mililita 50 kwangu kinapaka pochi nyingi kwa sababu unachukua kama punje ya mahindi tu, unaisambaza kwa kipande cha fulana kuukuu, unaacha usiku kucha, asubuhi unafuta iliyobaki. Bei yake inauma, najua, lakini ndo kitu kimoja ambacho sijawahi kujuta.

Namba mbili unatengeneza mwenyewe, na kwa mtu wa kusini hii ni rahisi kwa sababu nta tunayo. Wanaoleta asali kutoka Liwale waulize nta, wengi wanayo wala hawaipi thamani kubwa. Chukua nta kijiko kimoja iliyokwanguliwa, mafuta ya nyonyo vijiko vitatu, yale yale ya nywele lakini yawe masafi yasiyo na manukato. Weka kwenye kopo, kopo liingie kwenye sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja kwenye jiko la mkaa maana nta inashika moto. Nta inayeyuka ikifika kama nyuzi 62 hivi kwaiyo maji hayahitaji hata kuchemka. Koroga, mimina kwenye kikopo, ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya mgando magumu kidogo. Ikitoka ngumu sana yeyusha tena uongeze nyonyo. Nilivyoiweka ya pili badala ya ya kwanza ni kwa sababu inafanya ngozi iwe nyeusi kidogo, kwenye kahawia na nyeusi haijalishi, kwenye pochi ya rangi ya maziwa au krimu usithubutu.

Namba tatu ndo ya kusafishia, shampuu ya watoto wachanga. Unashangaa, lakini haina ukali wa sabuni za mche, na hata sabuni nyingi za kipande zilizoandikwa za watoto bado ni kali kuliko shampuu yake. Matone mawili matatu kwenye bakuli la maji, piga povu, utumie povu sio maji. Kitambaa kiwe kimekamuliwa.

Hapa niwaonyeshe ninavyofanya maana watu wanakosea hapa. Juzi nilikuwa na moja ya kahawia, nlinunua elfu nane, mkono wake umekuwa mweusi kwa mikono ya aliyeimiliki kabla. Nikaitoa vitu vyote, nikakuta tiketi imekunjwa na pini moja ya nywele, nikapiga vumbi kwa brashi ya viatu mpya. Nikachagua kona chini ambako haionekani, nikaweka povu kidogo nikasubiri ikauke, rangi haikutoka, nikaendelea. Kitambaa cheupe lazima, ili uone. Mzunguko wa kwanza kikatoka rangi ya chai ya rangi, wa pili chai ya maziwa, wa tatu karibu cheupe, hapo nikaacha. Ukiona kinatoka rangi ya pochi yenyewe acha hapo hapo, huo sio uchafu tena. Alafu kitambaa kingine cha maji matupu, alafu nikaijaza khanga kuukuu ndani ishike umbo, nikaiweka ukumbini karibu na dirisha upepo wa baharini unapita, siku mbili nzima. Kivulini. Ndo nikapaka kremu, na ule mkono ukainywa yote ndani ya dakika chache nikaurudia mara tatu.

Namba nne, dawa za kusafishia siti za ngozi za gari, maduka ya spea wanazo. Zinafaa kwa ngozi yenye rangi ya kupulizwa juu, ile ambayo tone la maji linakaa juu haliingii. Tone likizama na kuacha doa jeusi, hiyo ngozi iko wazi, hiyo dawa haiifai. Na usichanganye na za dashibodi, zile ni za plastiki.

Sabuni ya matandiko ya farasi inasifiwa sana na ni ghali kuipata. Mi naiweka ya tano. Ilitengenezwa kwa ngozi nene za kazi na nyingi bado ziko upande wa ukali, kwa pochi nyembamba ya kike siitumii.

Kiwi ya kopo, dawa ya viatu. Inaficha mikwaruzo vizuri na ni bei rahisi, ila kwa joto la huku pochi ukiivaa begani na dera jeupe, jasho likishika, rangi yote inahamia kwenye dera. Nimeshamlipa mteja dera lake kwa ajili hiyo. Kama lazima, paka kwenye kingo tu, alafu sugua na soksi mpaka isitoke tena.

Mafuta ya mgando yapo chini ya hapo, hayaingii, yanakaa juu yanakusanya vumbi la barabarani. Kwa dharura kwenye mkanda uliokauka, sawa.

Sasa nazi na ufuta. Najua nyumba nyingi za Lindi na Mtwara mafuta ya ufuta na ya nazi ndo dawa ya kila kitu, na bibi yangu alipaka nazi kwenye viatu vyake vya ngozi siku zote. Siku ya kwanza inang'aa utadhani mpya. Baada ya muda inachacha, inatoa harufu ile ya mafuta ya zamani na hiyo harufu haitoki, rangi inakuwa na mabaka, na kuvu likija linakuta chakula mezani. Tuyaache jikoni jamani.

Vitu vya kutonunua kabisa kwa kazi hii: magadi, jiki, asetoni ya kucha, na waipsi. Waipsi zinaonekana hazina madhara lakini nyingi zinakula ile rangi ya juu kidogo kidogo mpaka siku unashangaa pochi imepauka pembeni.

Tuje kwenye kuvu maana mvua za huku zinaanza Desemba hivi zinakwenda mpaka Aprili, na miezi hiyo kabati lililofungwa linaotesha ule unga mweupe wenye kijani kwenye kila ngozi. Nunua spiriti duka la dawa, changanya nusu kwa nusu na maji, toka nayo nje, jifunge barakoa, ufute kwa kitambaa unachoenda kukitupa, kwanza ujaribu kona. Ndani ya bitana pia, tena huko ndo linakojificha. Ikauke kivulini, alafu ulishe kremu maana spiriti inakausha. Na usirudishe pochi kwenye mfuko wa nailoni! Foronya kuukuu ya pamba inatosha, hewa ipite. Harufu ikibaki weka vipande vya mkaa mkavu kwenye soksi safi, soksi ikae ndani ya pochi wiki moja mbili.

Ukiona ngozi inatoa unga mwekundu mwekundu mkononi ukiigusa, hiyo imeoza kutoka ndani, ni ngozi za zamani sana zilizolainishwa kwa magome ya miti ndo zinapata hivyo, hairudi. Usiinunue hata kwa buku.

Suedi usipake chochote katika hivi vyote. Brashi kavu na kifutio cha penseli cheupe, basi.

Kwa mwenye bajeti ndogo kabisa: shampuu ya mtoto uliyonayo nyumbani, fulana kuukuu, nta na nyonyo. Ukipata hela ongeza kremu. Mimi za kwangu napaka mara mbili kwa mwaka, moja Novemba kabla mvua hazijaanza na nyingine Juni zikishaisha, na ile nyeusi ya mama niliitoa kabatini mwaka juzi nikailisha kremu wiki tatu mfululizo, ule mpasuko haukuziba lakini imelainika, inakunjika, na anaenda nayo msibani.