Kreti za plastiki zenye matundu kwa mavuno ya kiangazi

Katikati ya kiangazi zukini (aina ya maboga madogo yanayochumwa machanga) zikiachwa siku mbili zinakuwa magogo, na nyanya zinaiva kwa mkupuo. Hapo ndipo chombo cha kuvunia kinapimwa. Kreti hizi za sentimita 60 kwa 40, zenye matundu ubavuni na chini, zinalishinda gunia na sanduku la mbao kwa jambo moja kubwa: mazao yanabaki humohumo tangu kwenye tuta hadi kwa mnunuzi. Kila yanapomiminwa yanagongana, na nyanya iliyogongwa leo huanza kulainika baadaye, ikiwa tayari iko jikoni kwa mtu.

Ugumu uko kwenye kuchagua kina. Kreti ya sentimita 30 hubeba kilo 20 bila kupinda, lakini uzito huo ni wa plastiki kustahimili, si wa nyanya. Zilizoiva zisizidi tabaka mbili au tatu, kwa hiyo zinataka kreti ya sentimita 15 hadi 20. Ile yenye kina cha 30 ni ya kabichi, karoti na mboga za majani. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo, la sivyo kreti ya juu italalia mazao.

Kabla ya kununua, pitisha kidole ndani kote. Ncha kali za plastiki zilizoachwa na kiwanda huchana ganda, na kuoza huanzia hapohapo. Yenye ncha kali irudishe.

Matundu hutoa joto la shambani, ila kwenye upepo mkavu hunyausha mchicha na saladi upesi. Zikate alfajiri, zifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, uziweke kivulini mara moja. Maharage machanga yasubiri umande ukauke, maana kupita kwenye majani yaliyolowa hueneza magonjwa ya bakteria.

Usafi ni rahisi kuliko kwa mbao, isiyotoa uchafu wote. Sugua kwa sabuni kwanza, suuza, kisha tumia klorini ya kufulia ya asilimia 5: mililita 40 kwa lita 20 za maji. Matope yakibaki, klorini huishia kwenye matope. Zikishakauka zihifadhi kivulini. Jua la miezi mingi huifanya plastiki ivunjike kwenye vishikio.

Kasoro inayoudhi ni ya zile zinazotumbukizana zikiwa tupu. Zinaokoa nafasi sana ghalani, lakini ikigeuzwa vibaya ikiwa imejaa, ya juu hushuka na kuponda nyanya za chini, na mchumaji aliyechoka hukosea kirahisi. Paka rangi ubavu mmoja mfupi wa kila kreti: rangi zikiwa upande mmoja, zinatumbukizana; zikipishana, zinakaa juu.