Mashine ya kupimia kwa kamera ilivyonikatalia pini 400 nzima

Mwaka jana tulipoletewa mashine hii ya kupimia kwa kamera, isiyogusa kitu, niliisifia kwa kila mtu karakana nzima. Leo kuitazama tu kunanipandisha damu.

Zilikuwa pini za chuma, kipenyo milimita 6, zinaruhusiwa kupishana mikroni 5 tu, yaani milimita 0.005, juu au chini. Skrini ikawa inaandika 5.991, pini baada ya pini, nyekundu tupu. Nikachukua maikromita, kile kifaa cha mkononi kinachopima kwa kubana: 5.999. Nikafuta mafuta, nikarudia: 5.999. Wakati huo sanduku zima, pini 400, limeshabandikwa karatasi ya kukataliwa.

Akaja fundi wa kampuni iliyotuuzia. Begi hakulitua, kuinama hakuinama. "Mzee, mashine haidanganyi. Mkono wako ndio unabana sana." Mbele ya vijana ninaowafundisha kazi! Ningekuwa nabana sana, namba si ingepungua? Yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mashine! Hata hilo hakulifikiria.

Alipoondoka nikaikuza picha. Ukingo wa pini haukuwa mstari. Ulikuwa ukungu mweupe unaokula chuma. Taa ya chini ilikuwa imepandishwa hadi mwisho, na aliyeigusa mara ya mwisho ni yeye, siku ya sevisi. Mwanga ukizidi kwenye kitu cha mviringo, unagonga ubavu wake na kuruka hadi kwenye lenzi, kamera inaona kitu chembamba kuliko kilivyo. Nikaishusha taa kidogo kidogo: 5.994, 5.997, 5.999. Ikatulia hapo.

Nilitaka kuwaambia msiinunue. Lakini juzi nimepima gasketi za mpira, zile ambazo maikromita ikizigusa tu zinabonyea, na matundu yote yakasomeka kwa mara moja, safi kabisa. Kwa kazi hiyo sijaona kinachoifikia. Basi inunueni. Ila na mafundi kama yule? Hapana, mimi pesa yangu nisingeitoa.

Simu ya kuniomba radhi sijaipata hadi leo. Kiwango cha taa nimekiandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa mashine, na kila asubuhi pini moja ninayojua kipimo chake inatangulia chini ya kamera. Isiposoma sawa, hakuna kinachopimwa.